Fundi wa Miguu ya Punda

Kabla hujamwona ungemnusa. Alitembea na oili chafu ya injini, ile nyeusi inayomwagwa chini ya malori, ndani ya kopo la maziwa ya watoto ambalo kifuniko chake kilipotea zamani. Badala ya kifuniko alitumia gunzi la mahindi. Nilipoliona gunzi lile mara ya kwanza nilisema moyoni, mtu ambaye hawezi hata kutafuta kizibo, ndiye watu wanampelekea mnyama mgonjwa.

Pale Suna, mjini Migori, kila mtu alimwita Fundi. Hakuwa fundi wa baiskeli wala wa saa wala wa paa. Alikuwa fundi wa miguu ya punda, na kwa kazi hiyo alipewa kigoda kwenye stendi ya punda, chai ya bure asubuhi kwa mwenye hoteli, na heshima ambayo mimi, niliyesoma, nilikaa miaka miwili bila kuipata.

Mwenyewe nilirudi Migori mwanzoni mwa miaka ya tisini. Sikurudi kama wengine wanavyorudi, na sanduku la mbao na kikohozi. Niliondoka kijana asiye na viatu, nikaenda upande wa Nakuru, nikaajiriwa saisi katika shamba la farasi. Nilifagia kinyesi cha farasi miaka mitatu. Mshahara wangu niliutia katika masomo, nikapata diploma ya afya ya mifugo, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenisaidia hata kwa nauli. Nilifungua duka la dawa za mifugo kwa jasho langu, nikaitundika diploma ukutani ndani ya fremu yenye kioo, mahali ambapo mteja akiinua macho lazima aione. Fundi alipoingia mara ya kwanza aliinua macho, akaitazama kwa muda.

"Hii ni nini?"

"Diploma."

"Inapakwa wapi?"

Wateja walicheka. Alitoka akiwa amekwisha kunusa kila chupa iliyokuwa kwenye rafu ya chini, na hakununua kitu.

Ugonjwa wenyewe nilikutana nao kwa farasi kabla ya kukutana nao kwa punda. Kule shambani tuliuita homa ya matope, ingawa si homa. Ngozi ya nyuma ya mguu, juu kidogo ya kwato, ikikaa na maji na matope siku nyingi hulainika kama kidole cha mfua nguo. Halafu inapasuka, vijidudu vinaingia, vinatokea vigaga vyenye manyoya yaliyogandamana, na chini ya kigaga kuna usaha. Mguu unavimba, mnyama anachechemea. Akiachwa hivyo, atafika siku ambayo hatausimamia mguu ule. Suna waliuita *tielo motop*, mguu uliooza, na kwa kuwa walishaupa jina la kukata tamaa, hawakuona ajabu kuutibu kwa oili ya lori.

Dawa yake Fundi ilikuwa hivi. Mtu anakuja na punda wake. Fundi haangalii punda, anamwangalia mtu. Anamtukana kidogo: "Wewe hata mke ungemtunza hivi angeenda kwao." Kisha anachuchumaa, ananusa mguu, anatema mate pembeni, anafumba macho kana kwamba mguu unamnong'onezea. Anachomoa gunzi, anamimina oili juu ya vigaga vilevile, juu ya usaha uleule, anarushia majivu, anafunga kamba ya katani juu ya goti. Basi. Punda anaondoka na mguu mweusi unaong'aa, na mwenye punda anaondoka ameridhika, kwa sababu anachokiona ni mguu mweusi unaong'aa. Kidonda hakionekani tena. Mguu ukirudi umeharibika zaidi, kosa si la oili. Kosa ni la mwenye punda, alifungua kamba mapema, au jirani yake ana jicho baya.

Nilimuuliza siku moja, mbele ya watu, kamba inafanya kazi gani.

"Inamkumbusha punda," alisema.

"Inamkumbusha nini?"

"Kwamba ametibiwa."

Uongo wake ulikuwa mwingi, lakini alioupenda kuliko yote ulikuwa wa farasi wa Homa Bay. Alidai kwamba wakati wa wakoloni alimponya farasi wa mkuu wa wilaya, mguu ambao madaktari wawili wa kizungu walishaukatia tamaa. Nilisikia hadithi hiyo labda mara kumi na tano. Farasi alikuwa mweupe, akawa mwekundu, mara moja akawa jike mwenye mimba. Malipo yalikuwa koti, halafu yakawa baiskeli. Nilipomwambia kwamba farasi amebadilika rangi alinijibu bila hata kugeuka: "Alikuwa anaoga, daktari. Farasi wa wazungu wanaoga."

Homa Bay kwenyewe alikwenda kweli, kila masika. Kule punda huchota maji ya ziwa. Huingizwa majini mpaka magotini, wakasimama humo wakijaziwa mitungi, wakapanda mlima na miguu inayochuruzika, siku nzima, siku zote. Ni shamba la homa ya matope. Fundi alilizungukia shamba hilo kama askofu anavyozuru parokia zake, akarudi baada ya wiki tatu na samaki wakavu na koti jipya la mtu mwingine. Ukimuuliza aliponya wangapi, alisema wote. Mwaka uliofuata alikwenda kuwaponya walewale.

Alikunywa chang'aa. Hakunywa kabla punda hawajafunguliwa mikokoteni, hilo nalisema kwa kuwa ni kweli, lakini wakishafunguliwa alikunywa kwa niaba yao wote. Aliogopa mbwa hata mdogo. Watu aliwatukana, punda hakuwahi kumpiga. Siku moja alimnyang'anya kijana mmoja fimbo akaivunja vipande vitatu juu ya goti lake mwenyewe, akachechemea siku nzima. Watu walimsifu kwa hilo. Mimi sikuona la kusifu. Upole kwa punda ni rahisi, kwa sababu punda hataki kuona karatasi zako.

Sasa nije kwa mama yangu, maana bila mama yangu ningemwacha Fundi na oili yake.

Mama ni mjane na ni Msabato, na katika mambo hayo mawili hakuna anayembadilisha. Niliporudi nilimjengea chumba katika nyumba yangu, chenye dari na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Alikuja, akakitazama, akasema ni kizuri, akarudi kwake. Alitaka punda na mkokoteni aziuzie hoteli maji. "Siku nitakayoshindwa kujilisha nitakuja kulala kwenye sakafu yako nyekundu," alisema. "Hiyo siku nitakuwa nimekwisha. Usiiharakishe."

Basi nikaenda naye Ogwedhi, sokoni kwa mifugo, kumnunulia punda. Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Niliangalia meno, macho, kifua, nikasikiliza mapafu kwa chombo changu cha shingoni, na Wamaasai waliokuwa wakiuza wakanipisha kwa adabu. Nilichagua jike mmoja wa kijivu, kifua kipana, umri mzuri. Ndipo nikanusa oili.

"Daktari," Fundi alisema nyuma yangu, "umenunua kichwa. Miguu je?"

Alichuchumaa, akayainua manyoya ya nyuma ya mguu kwa kidole kimoja. Ngozi ilikuwa na makovu ya zamani, yasiyo na nywele.

"Hii ilishaoza zamani. Itaoza tena. *Min daktari*," alimwita mama yangu, mama wa daktari, "mwambie mtoto wako atafute ingine."

Muuzaji alicheka. Mama alinitazama. Mimi nikamlipa muuzaji. Sikuwa nimesafiri na diploma yangu mpaka Ogwedhi nifundishwe kazi na mtu mwenye gunzi kwenye kopo, na makovu yaliyopona ni makovu yaliyopona, kitabu chochote kitakuambia hivyo.

Masika ya kwanza punda akaoza miguu ya nyuma, yote miwili.

Nilimtibu kwa mikono yangu, na niliijua kazi. Nilikata manyoya yote ya pale kwa mkasi. Nililainisha vigaga kwa maji ya uvuguvugu yenye dawa kidogo, nikavitoa vile vilivyokubali kutoka, vilivyokataa nikaviacha, kwa sababu kigaga ukikibandua kwa nguvu unafungua mlango mpya. Nilikausha kwa kitambaa safi mpaka kati ya mikunjo ya ngozi, nikampiga sindano ya penisilini, nikapaka mafuta ya zinki. Nilileta magunia ya makapi ya miwa kutoka Awendo, nikayakausha juani, nikamtandikia asimame pakavu. Nikamwambia mama asimwoshe kila siku.

"Simwoshi kila siku," alisema.

Jumatatu nilimtibu. Jumatano uvimbe ulipungua. Alhamisi punda alitembea kama bibi harusi. Jumapili asubuhi vigaga vimerudi, ngozi imefura, nyekundu, mbichi, kana kwamba mtu alikuja akairarua. Jumatatu nikaanza tena. Wiki tano tulicheza mchezo huo. Kila Ijumaa nilikuwa Awendo na ng'ombe wa wakulima wa miwa, nikirudi gizani, na kila Jumapili nilimkuta punda amerudi alipoanzia.

Mama alianza kubeba maji kichwani. Mitungi miwili, mitatu, kutoka mtoni hadi hotelini, kwa umri wake. Nikamwambia aache, aje nyumbani kwangu apumzike. Alitua mtungi, akaifuta shingo kwa leso.

"Naona unaanza kunitandikia kwenye ile sakafu," alisema.

Jumapili ya sita nilimkuta punda na miguu myeusi inayong'aa, na kamba ya katani juu ya goti.

"Mama, umempeleka kwa yule mlevi?"

"Wewe umejaribu, mwanangu. *Mos*, pole. Acha na yeye ajaribu."

Mwenye hoteli, mtu wa pwani, Mwislamu aliyetulia ambaye alinunua maji ya mama na kumpa Fundi chai, alinipokea siku ile kwa pole kama mtu aliyefiwa. "Basi daktari, dunia ndivyo ilivyo," alisema. "Hata mama mzazi ana haki ya kutafuta ushauri wa pili." Hoteli nzima wakaangalia chini, mabega yakitikisika. Kuanzia hapo watu waliacha kuinua macho kwenye ukuta wangu. Walinunua chumvi ya ng'ombe, wakalipa, wakaenda.

Ijumaa iliyofuata sikufika Awendo. Malori ya miwa yalikuwa yamekwama kwenye matope, moja limelala ubavu, miwa imejaa barabarani na watoto wa shule wanatafuna. Niligeuza pikipiki. Kabla ya saa kumi na moja nilikuwa nimerudi, na nikapita kando ya mto ili nioshe tope kwenye magurudumu.

Nilichokiona sijakisahau. Punda kumi na wanane au ishirini walikuwa wamesimama mtoni kwa mstari, na kando ya kila mmoja mtu mwenye sabuni na brashi ya kusugulia sakafu. Walikuwa Wasabato wote. Jua la Ijumaa lilikuwa linashuka na Sabato inaingia. Nyumba zimefagiliwa, nguo zimepigwa pasi, chakula cha kesho kimepikwa leo, sasa ilikuwa zamu ya punda. Walisugua migongo, walisugua matumbo, na miguu waliisugua kuliko yote, kwa sababu ndiyo iliyokuwa michafu. Povu jeupe liliteremka mto na ndani yake kuna vigaga. Mama yangu alikuwa wa tatu kutoka mwisho, ameinama, anasugua kidonda nilichokuwa nikikikausha kila Jumatatu, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini.

Hakunidanganya. Hakumwosha kila siku. Alimwosha Ijumaa. Kisha punda alifungwa na miguu iliyolowa, kwenye sakafu iliyolowa, bila kutembea, usiku ule na siku nzima ya Sabato, mpaka ngozi iliyosuguliwa ikaiva. Nilipokuwa mtoto hatukuwa na punda, na kule Nakuru farasi hawakuwa na dhehebu. Hakuna darasa lililonifundisha kuuliza mwenye mnyama anasali siku gani.

Na juu ya jiwe, kavu kabisa, miguu ameikunja, alikaa Fundi.

"Osha vizuri, mama," alikuwa akimwambia mmoja. "Fikisha mpaka kwato. Bwana anaangalia mpaka kwato."

Nyuma yake walisimama punda wake watatu. Nilikuwa nimewaona kila siku kwa miaka miwili na sikuwahi kuwatazama miguu, maana nani anatazama punda wa mlevi? Miguu yao ilikuwa imejaa matope mpaka magotini, matope yaliyokauka na kupasuka kama ukuta wa nyumba ya udongo. Niliinama, nikabandua kipande. Chini yake ngozi ilikuwa nzima, laini, yenye manyoya. Wote watatu. Hakukuwa na kigaga hata kimoja, wala tone la oili.

"Mbona wako huwaoshi?" nilimuuliza.

"Wangu si Wasabato."

Alichomoa gunzi kwenye kopo lililokuwa kando yake. Lile gunzi nililodhani ni kizibo. Lilikuwa limelika upande wa juu, ule mkavu, mpaka limekuwa bapa. Alimvuta punda wa karibu, akaanza kusugua mguu kutoka juu kushuka chini, taratibu, na matope yakaanguka kama unga.

Ngoja niseme wazi nilichohisi, maana watu husema nilimwonea wivu. Haukuwa wivu, ilikuwa hasira. Mtu huyu alijua. Si kwamba hakujua akapaka oili kwa ujinga, ujinga ningeweza kuusamehe, nimeusamehe kwa wengi. Alijua dawa, akaifanya kwa wanyama wake, na wa wengine akawapeleka mtoni kwa utani, ili Jumapili waje kwake wakichechemea.

"Wewe ni mwizi," nilimwambia. "Unaona mama mzee anabeba maji kichwani, na unamwambia aoshe mpaka kwato."

Aliendelea kusugua. "Niliwaambia," alisema. "Kabla hujarudi. Nikasema acheni matope yakauke, mkwangue. Wakasema tazama mchafu anataka punda zetu pia wawe wachafu. Mmoja akanipa sabuni." Alilipuliza gunzi. "Nikasema sawa. Mnataka kitu ya kuona? Chukueni oili. Oili inaonekana."

"Na mama yangu?"

"Mama yako nilimwambia kule Ogwedhi asinunue. Wewe ukamnunulia."

Jioni ile nilimuuliza mama kama ni kweli Fundi aliwahi kuwaambia wasioshe. Alikuwa anafunika sufuria za Sabato, hakugeuka.

"Alisema."

"Na hamkumsikiliza?"

"Mwanangu, mtu anasema hayo saa nane mchana bado ananuka pombe ya jana. Nani angemsikiliza?"

Sikubishana, kwa sababu hapo mama alikuwa na haki. Ukweli ukikaa kwa mtu kama yule ni sawa na maziwa kwenye kopo la oili. Nani atakunywa? Jumapili nilivaa koti langu jeupe, nikasimama kwenye stendi ya punda, nikawaambia watu wa Sabato na wasio wa Sabato. Nilisema mgongo wa punda uoshwe mkitaka, mguu usiguswe na maji. Tope likauke lenyewe, kisha likwanguliwe. Akilowa, akaushwe kwa gunia kavu kabla hajafungwa. Asimamishwe juu ya makapi makavu. Kidonda kikitokea, manyoya yakatwe, kigaga kilainishwe, pakaushwe, ndipo dawa. Na nikawaambia kwamba kumwacha mnyama aumie siku ya Sabato si usafi, ni kazi mliyomwachia yeye aifanye peke yake. Waliitikia amina. Mzee wa kanisa aliniuliza kama mambo haya yameandikwa kitabuni. Nikasema yameandikwa. Yakawa sheria.

Punda wa mama alipona katika majuma manne. Mama aliacha kubeba maji, chumba changu cha sakafu nyekundu kikabaki kitupu, na sijawahi kufurahia chumba kitupu namna ile. Kigoda cha Fundi kilibaki pale stendi, na chai akaendelea kupewa, lakini Jumapili hakuna aliyekuja kufungiwa punda wake kamba. Alikaa na kopo lake akinusa hewa. Homa Bay aliendelea kwenda, mpaka na kule nilipeleka vijana wangu wawili wa dukani na mafuta ya zinki, nikaifunga parokia hiyo pia. Sikumwonea huruma. Alikuwa na ukweli mkononi miaka yote ile akautumia kuzibia kopo.

Nilimwona mara ya mwisho baada ya mvua za El Niño, zile zilizogeuza Migori yote kuwa bakuli la uji. Nilikuwa nimesikia habari zake, sikuziamini. Alikuwa ameugua kifua wakati wa mvua, punda wawili wakafa, na wanawake wa Kisabato wakamchukua, mama yangu akiwa mmoja wao, wakamlisha na kumfulia na kumwimbia mpaka akapona. Kisha wakambatiza, mtoni, pale palepale.

Alikuja dukani asubuhi ya Jumapili. Duka lilikuwa limejaa, na mama alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Nilinusa sabuni. Mzee aliyekonda, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, bila kopo, ameshika kamba ya punda wake aliyebaki. Punda alisimama kwa miguu mitatu. Wa nne ulikuwa umevimba kama gogo la muhogo, vigaga kutoka kwato mpaka nusu ya mfupa, na ngozi imesuguliwa ikawa mbichi.

Nilitoka nje, nikachuchumaa. Alichuchumaa kando yangu, akipumua kwa shida.

"Umemwosha," nilisema chini.

"Ijumaa."

"Wewe? Wewe unajua."

"Najua." Alitazama mlangoni, wanawake wa kanisa walikuwa wamejipanga na mizigo yao. "Wengine walishaacha kuosha, kwa sababu yako. Lakini mimi ni mpya. Wananiangalia mimi kuliko punda. Nikienda na matope watasema Fundi amerudi kwenye chang'aa." Alishika kiwiko changu. "Sema wewe. Sema kwa nguvu, wasikie. Niambie nisioshe."

Miaka yote ile nilikuwa nimetamani mtu yule aje kwenye mlango wangu. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno ya kumwambia, makali, yenye mpangilio. Nilimkata punda manyoya kwanza, nikalainisha vigaga, nikakausha mpaka kwenye mikunjo, nikapaka dawa, na wote wakisubiri. Kisha nikasimama.

"Mzee," nilisema, duka zima likageuka, "usimwoshe huyu punda miguu. Hata Ijumaa. Acha matope yakauke, halafu uyakwangue."

"Ndiyo, daktari," alisema, na akainamisha kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mwanamke mmoja alipiga makofi kwa kicheko. "*Yawa!* Hata Fundi alikuwa hajui! Miaka yote hiyo anatupaka oili!" Duka likaangua kicheko, mpaka mwenye hoteli aliyekuwa amekuja kutafuta dawa ya kupe akajifuta macho. Mama peke yake hakucheka. Alinitazama mimi, si Fundi, na akangoja. Neno moja tu, kwamba alijua na aliwaambia zamani, lingetosha, na nilikuwa nalo.

Fundi aliinuka, akanishika tena kiwiko, mdomo ukinikaribia sikio.

"Umesahau kitu," alinong'ona. "Waambie juu kwenda chini. Wakikwangua kwenda juu watarudisha kidonda."

Ni kweli nilikuwa nimesahau. Hata Jumapili ile ya stendi nilisahau, na nilikuwa nimewatibu punda kadhaa tangu hapo bila kuelewa kwa nini ngozi yao inachubuka.

"Na mkwangue kutoka juu kwenda chini," niliwaambia watu kwa sauti kubwa. "Msisahau hilo. Juu kwenda chini."

Waliitikia. Mama akainuka kwenye benchi, akachukua mtungi wake, akapita katikati yetu bila kuaga. Fundi aliufungua mkono wake polepole kutoka kwenye kiwiko changu, akamwongoza punda wake barabarani, mahali pakavu, hatua kwa hatua.